Mbegu Aliyoitwanga Mama

Mpunga wa mbegu ukitwangwa hutoa harufu ambayo mchele wa dukani hauna. Unanuka moshi. Si ule moshi wa kukereketa koo, ni moshi wa taratibu, uliopanda kutoka jikoni kila siku ukaingia uchagani, ukapita baina ya masuke yaliyofungwa vitita vitita, ukachukua na mvuke wa samaki wa kuchemsha na wa muhogo na wa chai ya mchaichai, ukavikalisha vyote ndani ya punje. Wali wake ukiupika kwa tui zito, jirani wa nyumba ya tatu atauliza mna nini leo. Mimi niliula wali huo mara moja tu katika umri wangu, nikiwa mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, nikala mpaka tumbo likawa gumu kama dafu. Nilifurahi, mtoto ana nini? Sikujua kwamba ninakula mbegu. Mama alijua, na aliipika kwa mikono yake mwenyewe, kwa mbwembwe, siku ya maulidi, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema mbegu zetu za asili zilichukuliwa. Nani alizichukua? Tulizitwanga wenyewe, tukazitia nazi, tukaalika na majirani.

Bonde letu liko nyuma ya mikarafuu, ukishuka mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni wakati wa masika. Kila mwanamke wa kijijini alikuwa na kipande chake humo, kimepakana na cha mwenziwe kwa tuta jembamba la kupita mguu mmoja. Wanaume walikuwa na karafuu zao na bahari yao. Mpunga ulikuwa mambo ya wanawake, kuanzia kuburuga kwa jembe wakati jua la kaskazi linachoma mgongo, mpaka kuvuna wakati wa kipupwe, umande ukiwa bado umelala juu ya majani. Na mpunga wa mama haukuwa mpunga mmoja. Ukisimama juu ya mteremko ulikuwa ukiona shamba la rangi rangi, kama kanga kadhaa zilizoanikwa pamoja. Kulikuwa na wa ndevu nyeusi, kulikuwa na mwekundu wa punje fupi, kulikuwa na mweupe mrefu unaonukia, na mwingine wa shina gumu ambao hata maji ya bonde yakipanda hadi magotini hauanguki. Wote ulimwagwa pamoja, kutoka kikapu kimoja. Huu ukiwahi kuiva, ule punje zake bado zina maziwa. Mvua ikikatika mapema, wa haraka umeshaokoka. Mvua ikikataa kwisha, wa maji ndio kwanza unanenepa. Ndiyo maana hatukuvuna kwa mundu. Tulivuna kwa kisu kidogo cha kufichika kiganjani. Unalishika suke lililoiva, unalikata shingo, na ambalo halijaiva unaliacha lisimame. Wiki hii unapita, wiki ijayo unapita tena, na tena, mpaka bonde limekwisha. Mtu asiyejua akituona alidhani tunacheza.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu, Bi Asha, alikuwa mkubwa, mtoto wa bonde hilo hilo, na mbegu yake aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Mdogo alikuwa Bi Time, aliyeletwa kutoka Kisiwa Panza, ambako watu ni wa bahari na mpunga wanaujua ukiwa sahanini. Alipokuja, mama alipenda kusema, hakujua kama mpunga hupandwa kichwa juu au kichwa chini. Mama ndiye aliyemfundisha, kwa kumkemea, na mbegu ya kwanza ya Bi Time ilitoka katika shamba la mama. Baada ya hapo wakagombana. Kwa nini, sijui, na nadhani wao wenyewe walishasahau, lakini waliacha kusemeshana. Nyumba zao zilitazamana, uwanja mmoja, kisima kimoja, na maneno yao yote yalipita kwangu. Mama yuko mlangoni anachambua mchicha, Bi Time yuko mlangoni kwake anakuna nazi, wanasikilizana vizuri kabisa, lakini utasikia: “Mwanangu, mwambie mwenzangu kuku wake kaingia jikoni kwangu.” Nimesimama katikati ya uwanja, sijafungua mdomo, Bi Time keshajibu: “Mwambie mama yako kuku wangu kapotea njia. Kuku mwenye akili zake hawezi kwenda kutafuta chakula kule.” Kazi yangu ilikuwa kugeuza shingo tu.

Mwaka huo akaja bwana shamba, kijana mwenye viatu vya mpira virefu vinavyong'aa, na nyuma yake trekta. Watoto tulilikimbilia trekta mpaka tukameza vumbi lake. Bwana shamba aliwakusanya wanawake juu ya mteremko, akawaambia kwamba mpunga wao ni mrefu ovyo, unachelewa, unazaa kidogo, na hauna nidhamu. Hauna nidhamu! Kama vile mpunga ni askari. Yeye kaleta mbegu mpya, mpunga mfupi, wa aina moja, unaoiva kwa pamoja, na mbolea ya chumvi chumvi ya kuumwagia, na akasema tusijisumbue tena kuweka mbegu uchagani kupandisha panya, kwani kila msimu italetwa mpya. “Ule wa zamani uleni,” alisema, na wanawake wakacheka. Sisemi kuwa alikuwa mtu mbaya. Njaa ilikuwepo, watoto tulikuwa wengi, na mchele wa kuletwa kwa meli ulipangiwa foleni. Alitaka tushibe. Lakini mbegu aliyokuja nayo haikutosha kila mtu, ikabidi kila nyumba ipate ya kipande kimoja. Baba akasimama uwanjani, akajikohoza, akasema kwa nyumba yake atapokea mke mkubwa.

“Mwambie baba yako,” Bi Time aliniambia, na baba amesimama pale pale, “kwamba sisi wa Panza tumeshazoea makombo.”

Mama alicheka tu, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko tusi.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mwanamke wa bondeni tu ndiye angeweza kulifanya. Wengine hula mbegu kwa njaa. Mama aliila kwa fahari. Yalikuwa yanakuja maulidi ya nyumbani kwetu, na yeye, mwenye mbegu ya trekta, mwenye mbolea kwenye mfuko iliyoegemezwa ukutani sebuleni ili kila mgeni aione, akaamua kuonyesha kwamba ya zamani hana haja nayo. Akapanda uchagani akateremsha vitita vyote. Masuke yalikuwa meusi kwa masizi, yakitikisika yanalia kama njuga. Akayapura kwa miguu juu ya mkeka, akayatia kinuni, na wanawake wa jirani wakaja na michi yao, wakatwanga wakiimba, nami naokota punje zilizoruka. Bi Time alitoka mlangoni kwake. Alisimama, upawa mkononi. Halafu akasema, na mara hiyo sauti yake haikuwa na dhihaka ndani yake: “Mwambie mama yako aache hata kitita kimoja.” Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo. “Mwambie mwenzangu kama anataka mchele aje ale, sahani yake ipo.” Na wanawake wakaangua kicheko, kwa sababu kila mtu siku ile alikuwa upande wa mifuko ya mbolea. Wali ulikuwa mtamu, narudia. Hata maimamu walisifu.

Basi masika ikaingia, na kama ungekuwepo wewe msomaji ungemwonea mama wivu pia. Kipande chake kilikuwa kijani cha kuumiza macho, mpunga umesimama sawasawa kama umekatwa kwa mkasi. Bi Time, kwa kuwa hakuwa na jingine, alipanda ule ule wa mchanganyiko aliokuwa nao uchagani kwake, na shamba lake lilikuwa kama kichwa cha mtoto asiyechanwa, huku mrefu, huku mfupi, huku umelala. Mama alishuka bondeni hata siku zisizo na kazi. Alikwenda kutazama tu. Akipita kwenye tuta la mpaka wake na Bi Time alitembea polepole, mkono kiunoni, na akinishika mkono alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo: “Angalia, mwanangu, shamba la mtu aliyeamka.” Ng'ambo ya pili jembe la Bi Time lilikuwa likipiga udongo kwa nguvu zaidi, pu, pu, kana kwamba kichwa cha mtu kiko chini yake.

Ukaiva. Ukaiva wote. Siku chache zilizopita ulikuwa na maziwa, mara bonde zima la mama limegeuka rangi ya asali. Mama akaita wanawake, nao wakaja kama desturi, kila mmoja na kisu chake kidogo na pakacha lake, wakaingia shambani wakaanza kukata suke moja baada ya suke moja, wakipiga soga. Mpunga ulikuwa mfupi, ikabidi wainame mpaka vifua vinagusa magoti. Asubuhi ya kwanza walitaniana: “Bi Asha, huu umepandiwa watoto au umepandiwa bata?” Siku ya pili walinyamaza, wanashika viuno. Na nyuma yao, kule ambako walikuwa hawajafika, punje zilianza kudondoka. Mpunga ule haukujua kusubiri. Ukiiva unataka uvunwe leo, wote, na upelekwe. Ukiupita upepo unasikia chini, chirichiri, chirichiri, kama mtu anamwaga shanga. Akaja bwana shamba anakimbia na viatu vyake, kashika miundu kwapani. “Kateni! Kateni mashina! Mnafanya nini?” Wanawake wakajinyoosha wakamtazama. Mundu ni wa kukatia majani ya ng'ombe. Mwanamke wa heshima hauingizi kwenye mpunga, ni kama kumpiga mzazi wako kofi. “Mwanangu,” Bi Asha mwenyewe alimwambia kwa upole, “wewe hujazaliwa hapa. Mpunga hauvunwi hivyo.” Naye akapiga kelele kwamba mpunga huu huvunwa hivyo, wakabishana, jua likapanda, na punje zikaendelea kudondoka. Halafu ikanyesha mvua ya mchoo, ile ndogo ndogo ya kukera ya wakati wa baridi. Ilipokatika, punje za mama zilikuwa zimechipua chini, kijani kipya kati ya mashina, kizuri kabisa, kisicholiwa na mtu.

Mpaka leo sijui nimkasirikie nani zaidi. Yule kijana alileta mpunga hakuleta maneno yake. Alidhani mbegu ni mbegu, ukishaimwaga mengine yote yatafuata. Na wale wanawake, mama yangu mbele yao, walipokea kitu kipya wakakishika kwa mkono wa zamani, wakaona haya kuuliza. Kijana angeuliza kwa nini mnatumia kisu. Mama angeuliza kwa nini unatumia mundu. Neno moja tu kila upande! Badala yake, kila mtu alikuwa na fahari yake, na bata wa jirani ndio walioshiba mwaka ule.

Mama alivuna kidogo, na kile kidogo kilikuwa kimeloa, tukakila haraka kabla hakijaota ukungu. Bwana shamba akahamishwa, na wa badala yake hakuonekana. Siku moja nilimkuta mama amesimama jikoni anatazama juu, uchagani. Hakukuwa na kitu pale ila buibui. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba anaogopa, kwa sababu sijawahi kumwona ameacha sufuria linafurika bila ya kulitupia macho. Masika ijayo atapanda nini? Na kipande cha bondeni kisipopandwa hakikai tupu. Atapewa mtu mwingine, na ukishatoka bondeni kurudi ni kazi. Mpunga wa mama yake na wa bibi yake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo ni ng'ambo ya tuta, kwa mtu asiyesemeshana naye.

Sasa niwaeleze kitu ambacho vijana hamkijui. Kwetu mbegu ilikuwa haiombwi kwa mdomo. Ukiomba unaweza kunyimwa, na mtu akinyimwa mbegu nyumba mbili zimekwisha. Aliyehitaji alikwenda kumsaidia mwenziwe kuvuna, bila ya kusema sababu. Kazi ikimalizika, mwenye shamba hugeuka akatazama upande mwingine, kama anayetafuta kitu, na msaidizi akachagua masuke anayoyataka, yanayojaa mkono mmoja, akayatia kwenye kanga yake. Hakuna shukrani, hakuna karibu, na hakuna anayejua nani alimpa nani. Bi Time mwenyewe ndivyo alivyopata yake, akiwa mwari, wakati mama alipompa kisogo. Kwa hiyo mama alijua njia. Tatizo lilikuwa miguu. Wiki ya kwanza Bi Time alivuna wa haraka, mama hakwenda. Wiki ya pili akavuna mwekundu na wa ndevu, mama alikaa mlangoni akasuka ukili ule ule akiufumua na kuusuka tena. Wiki ya tatu ikabaki mara ya mwisho kupita shambani, na baada ya hapo kila kitu kitapanda uchagani kwa Bi Time, na mlango utafungwa mpaka mwaka mwingine.

Asubuhi hiyo mama akafunga kilemba, akachukua kisu, akanishika mkono kwa nguvu hata nikalia. Tukashuka. Bondeni kulikuwa na ukungu, na wanawake waliokuwa na Bi Time wakaacha soga mara moja, ukasikia vyura tu. Bi Time alijinyoosha akatutazama. Alikuwa na nafasi, kwa kweli. Angeweza kusema neno moja la kumrudisha mama juu kilimani kwa maisha yake yote.

“Mwambie mama yako,” aliniambia, “huku hakuna mbolea ya chumvi, atachafua mikono yake bure.”

“Mwambie mwenzangu,” mama akajibu, “nimekuja kutazama kama kweli watu wa Panza wanajua kuvuna, au wanauchokoa mpunga kama pweza.”

Mwanamke mmoja akapasuka kwa kicheko, wengine wakafuata, na Bi Time akauma mdomo ili asicheke naye. “Mwambie aanzie kona ile,” akasema, “na asiuponde kwa miguu ovyo.” Mama akaanza kona ile. Akavuna kutwa nzima bila kuinua kichwa, na mimi nilibeba mapakacha mpaka shingo ikawasha. Jua liliposimama upande wa magharibi Bi Time akatandaza masuke ya raundi zote juu ya mkeka, ya ndevu, ya mwekundu, ya mweupe, akasema kwamba kapoteza pete yake karibu na mfereji, akageuka akatupa mgongo. Hakuwa amevaa pete siku hiyo, wala siku nyingine yoyote niijuayo. Mama akachutama. Akajaza mkono mmoja, akatia kwenye kanga, akafunga fundo. Bi Time bado anatafuta pete. “Mwambie mama yako asisahau ule wa maji,” alisema akiutazama mfereji. “Huusahau kila mara.” “Mwambie mwenzangu akumbuke aliufahamu kwa nani,” mama akasema, akajaza mkono wa pili, kinyume cha desturi, na akajaza na wa tatu, machozi yanamdondokea juu ya masuke. Mgongo wa Bi Time ulikaa pale pale. Alitafuta pete ile mpaka sisi tumeshapanda kilima.

Msidhani walipatana. Kesho yake kuku aliingia tena jikoni. Waligombana mpaka wakazeeka, na wote wawili wamekwishatangulia mbele ya haki, na naamini huko waliko mmoja kamtuma malaika amwambie mwenzake neno. Lakini mbegu ilirudi uchagani, na mimi niliolewa nayo, nikaipanda kila masika wakati trekta zinakuja na kuondoka. Baada ya trekta ikaja mbolea zaidi, kisha mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa ya magugu. Dawa hiyo nimeiona inavyofanya kazi. Magugu yanakufa kweli, na mchicha wa kando ya tuta unakufa, na vyura wananyamaza, na udongo unakuwa kama majivu ya jana. Wanawake wengi wakaacha kabisa, wakanunua mchele wa mapembe dukani, ule uliovunjika vunjika ambao ukiupika unanuka gunia. Huo ndio chakula cha wajukuu zangu. Nikiwapa wali mwekundu wananiuliza, “Bibi, umeungua?”

Na sasa, lo, sasa wamekuja tena. Si wale wale, wajukuu zao. Wanatuita mjini Chake kwenye ukumbi, wanatupa fulana na kofia na soda, wanatuambia turejee kilimo cha asili, kwamba udongo umechoka na dawa, kwamba wazee wetu walijua. Nilipiga makofi zaidi ya wote, msinicheke. Nilidhani mwishowe wamefahamu. Bibi shamba wetu, binti anaitwa Salma, ana adabu na anajua kuchutama matopeni, sina ubaya naye. Akaja kwangu kutazama mbegu yangu, akaisifu, akapiga picha, halafu akaanza kuutoa mweupe unaonukia peke yake, punje moja moja, na kuutenga.

“Huo mwingine je?” nikamuuliza.

“Bibi, mnunuzi anataka gunia la rangi moja. Tutaupanda huu mweupe kwa mistari, bila dawa, bila mbolea ya dukani. Ni wa asili kabisa.”

“Wa asili una ndugu zake. Ukiutenga, mwaka wa mvua mbaya utakufa peke yake.”

“Tumekusikia, bibi,” akasema kwa heshima kubwa, na akaendelea kutenga.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Tumekusikia, bibi! Kila ninaposema jambo kikundi kizima cha kilimo walichotuundia kinaniitikia hivyo. Shikamoo bibi, ahsante bibi, umetufungua macho bibi, wananipa kiti cha mbele na chupa ya maji, kisha wanakwenda kupanda mpunga mmoja kwa mistari kama alivyotaka yule wa viatu vya mpira. Ndiyo, safari hii dawa hakuna. Hilo nalikubali, na vyura wameanza kurudi. Lakini bonde lina rangi moja tena. Wananiheshimu mno, na heshima hii itaumaliza mpunga wangu kuliko trekta. Mama alikuwa na mtu wa kumpigia jembe kwa hasira ng'ambo ya tuta. Mimi ng'ambo ya tuta nina mkwe wangu Subira, mke wa mwanangu, mtu wa kikundi, mtaratibu, ambaye tangu aolewe hajawahi kunitazama usoni akanijibu. Nilipomwambia achanganye alisema ndiyo mama. Akapanda mweupe mtupu.

Basi msimu huu watoto wote wako skuli, hakuna wa kuwinga ndege. Ndege walishuka bondeni kama mvua. Mimi pembezoni mwa kipande changu nimejaza wa ndevu, na ndege hawaupendi, unawachoma koo. Wakaruka tuta wakaenda kwa Subira. Alipiga debe asubuhi, akapiga debe mchana, akafunga vitambaa kwenye vijiti. Mimi nimekaa kivulini natafuna muwa, siingilii. Mara nikaona anakuja juu ya tuta, mtandio umeanguka mabegani, fimbo mkononi.

“Mama, huu si uungwana! Ndege wa bonde zima unanisukumia mimi!”

“Nawasukuma? Mimi nina mabawa?”

“Unajua vizuri unachofanya! Mkono umekufa ganzi kwa debe, na wewe umekaa hapo na muwa wako unanitazama kama sinema!”

“Nilikwambia uchanganye.”

“Uliniambia! Unaniambia mambo mia kwa siku, nitajua lipi la kweli? Basi mwakani natia wa ndevu na mimi, kote pembeni, tena mwingi kuliko wako, tuone watakwenda wapi. Watakurudia wewe. Na Salma akisema mistari, aje yeye awinge!”

Akapiga fimbo chini, akageuka, akarudi kwake anang'uruma. Nikakaa na muwa wangu, moyo unanidunda kama wa mwari. Miaka yote hii ya fulana na soda, sijamwona mtu yeyote akipanda mpunga wa zamani kwa sababu ya kuambiwa kwamba ni mzuri. Wale wa kwetu walipanda kwa njaa, kwa wivu na kwa kutotaka kuchekwa na mwenzao, na nadhani mpunga huu haujui njia nyingine. Subira hajanisamehe. Jana kapita mlangoni kwangu bila kunisalimu, kichwa juu. Alhamdulillahi.